Ramani ya mawazo kuwa slaidi kwa kubofya mara moja: inawezekana, au tunadanganywa?

#1 Tawi_Kavu

Wakuu, habari zenu.

Nina ramani ya mawazo ya somo la usalama wa data kwa wafanyakazi wapya. Ina kitovu kimoja, matawi makuu 6, na ukihesabu kila kitu ni nodi 58 (nodi ni kila kituo chenye neno lake). Nimeichora siku mbili mpaka nikairidhia. Nikabofya amri ya kuihamishia PowerPoint, nikaenda zangu kuoga nikijua kazi imekwisha.

Kurudi nakuta slaidi 41. Ya 7 ina kichwa "Nywila", chini yake peupe. Ya 8 ina kichwa "Urefu", peupe tena. Ya 23 imebeba vitone 17 kwa herufi kama za masharti ya mkataba, zile ambazo hawataki uzisome. Rangi za kiolezo chetu hazikuingia hata moja. Halafu tawi la "Kwa nini tunajali", ambalo kichwani mwangu ndilo la kwanza, limekuja la mwisho.

Nawasilisha Ijumaa. Je, kuna aliyewahi kufanikiwa na huu mpangilio wa kiotomatiki bila kurudi kushona kila slaidi kwa mkono? Mimi naanza kuamini ni maneno ya matangazo tu.

#2 Nipo_Pembeni

Ngoja waje wajuzi. Nimeweka kiti.

#3 fundi_slaidi

Mkuu, programu haijakosea, imekutii. Kinachohama kutoka kwenye ramani kwenda kwenye slaidi ni kitu kimoja tu: ngazi. Nani yuko chini ya nani. Ukilijua hilo, mengine yote yanaeleweka.

Achana na hiyo amri ya kuhamisha. Peleka ramani kwenye Word kwanza. Matawi makuu uyape mtindo wa kichwa ngazi ya 1, yanayofuata ngazi ya 2, halafu ngazi ya 3. Fungua PowerPoint, nenda kwenye slaidi mpya, kwenye orodha, sehemu ya chini, kuna amri ya kuleta slaidi kutoka kwenye muhtasari. Ngazi ya 1 itakuwa kichwa cha slaidi, ya 2 kitone, ya 3 kitone kilichoingia ndani. Ukiwa ndani ya kiolezo chenu wakati unafanya hivyo, rangi na fonti vinakuja vyenyewe.

Tahadhari moja: aya za kawaida, ambazo hazina mtindo wa kichwa, zinaachwa nje na hutapewa taarifa yoyote. Maelezo uliyoandika kwenye nodi usiyategemee huko.

#4 Mama_Kiolezo

#3 umesema kweli lakini umeanzia katikati. Ugonjwa wa rangi kutoingia siyo wa ngazi, ni wa kiolezo. Slaidi ina sehemu mbili za kuweka maneno. Kuna vishika nafasi, vinavyotoka kwenye slaidi kuu (ile inayobeba sura ya kiolezo), na kuna visanduku vya maandishi, ambavyo mtu au programu imevichora pale pale. Ukibadilisha slaidi kuu, vishika nafasi vinafuata. Visanduku havina habari na wewe.

Programu nyingi za ramani hutoa faili lenye visanduku, kisha rangi zimepigwa juu kwa mkono wa programu. Hapo hata ulete kiolezo cha dhahabu hakigusi kitu.

Jaribu hivi: fungua mwonekano wa muhtasari pembeni. Maneno yanayoonekana pale yako kwenye vishika nafasi. Yasiyoonekana yamo kwenye visanduku. Dakika moja unajua umeshika nini.

Na hizo herufi ndogo za slaidi ya 23 ni ile tabia ya PowerPoint ya kubana maneno yenyewe yakizidi kisanduku. Izime.

#5 kitone_kimoja

Mtu anabofya, anaenda kuoga, anarudi anakuta slaidi 41. Bora hukulala, ungekuta 200.

#6 BwHesabu

Hebu tusome namba zake kabla ya kumpa dawa. Kitovu 1, matawi makuu 6, jumla 58, slaidi 41.

41 ukitoa 7 inabaki 34. Yaani una nodi 34 kwenye ngazi ya pili na kila moja imepewa slaidi yake. Zimebaki 17. Slaidi ya 23 ina vitone vingapi? 17. Kwa hiyo vyote vilivyo chini ya ngazi ya pili, ramani nzima, vimening'inia kwenye nodi moja tu. Nyingine 33 hazina watoto, ndiyo maana ziko peupe.

Programu imetumia kanuni moja: ngazi ya kwanza na ya pili ni slaidi, ya tatu kushuka ni vitone. Kanuni haina ubaya. Ila ramani yako ni mti wenye matawi yote mafupi na moja lililorefuka mpaka limegusa ardhi. Hakuna kanuni moja itakayozifaa pande zote mbili.

Swali: hiyo slaidi ya 23 inahusu nini?

#7 Tawi_Kavu

#6 umeniacha mdomo wazi. Ni "Ulaghai", ipo chini ya tawi la "Barua pepe". Ndicho kitu ninachokijua zaidi, nilipofika pale kalamu ikanoga.

#4 nimeangalia mwonekano wa muhtasari. Vichwa vinaonekana, vitone havionekani. Nusu nusu!

#8 Dada_Mstari

Kalamu ilinoga, slaidi ikalemewa 😄

Mimi nilishaacha kubofya bofya. Naandika muhtasari kwa Markdown (maandishi ya kawaida yenye alama za vichwa na orodha), kisha Pandoc, programu ya kugeuza mafaili kwa kuandika amri, inafanya kazi:

`pandoc somo.md -o somo.pptx --reference-doc=kiolezo.pptx`

Hilo faili la kiolezo ni pptx ya kawaida yenye slaidi kuu mliyoizoea. Pandoc inatafuta miundo ya slaidi kwa majina yake ya Kiingereza cha asili, kwa hiyo msiyabadilishe majina ya miundo kwenye kiolezo. Isipoyapata inakulalamikia na kutumia ya kwake. Na vichwa na vitone inaviweka kwenye vishika nafasi, Mama_Kiolezo hatakugombeza.

Ila ina mtego wake. Ngazi ya slaidi inaamuliwa hivi: inatafutwa ngazi ya juu kabisa ya kichwa ambayo mahali popote kwenye faili inafuatwa moja kwa moja na maudhui, siyo na kichwa kingine. Mimi nilikuwa na wasilisho zuri, vichwa vya ngazi ya 1 vikiwa slaidi za kutenganisha sehemu, vya ngazi ya 2 vikiwa slaidi zenyewe. Dakika za mwisho nikaongeza sentensi moja, moja tu, chini ya kichwa cha ngazi ya 1. Nikaendesha tena. Slaidi zote zikaanguka ndani ya sehemu zao, vichwa vyangu vya ngazi ya 2 vikawa vichwa vidogo katikati ya slaidi iliyofurika. Nilihangaika saa nzima nikilaumu kiolezo. Dawa ni kuandika `--slide-level=2` mwenyewe, usiiachie ikisie.

#9 Nipo_Pembeni

Kwa sisi tusiojua hiyo skrini nyeusi ya kuandika amri?

#10 fundi_slaidi

#9 ndiyo maana nimesema Word. Au faili la maandishi tupu, kila ngazi inaingia ndani kwa Tab moja. PowerPoint inalisoma pia. Wenye LibreOffice, kwenye Writer kuna amri ya kutuma muhtasari kwenda wasilisho, ni jambo lile lile.

Angalieni hiyo Tab iwe Tab kweli. Kuna programu ukinakili tawi na kulibandika kwenye maandishi tupu inakuwekea nafasi nne badala ya Tab. Kwa macho ni sawa, kwa PowerPoint zote ni ngazi ya 1. Unapata slaidi 58.

#11 Zizimo

Niongeze kwenye faili la maandishi tupu. Yakihifadhiwa kwa usimbaji (namna kompyuta inavyoandika herufi) ambao PowerPoint haikuutarajia, ile alama ya ng' ikiwa ni ya kupinda inaharibika. Mimi slaidi yangu ya kwanza iliandika "Kungâ€™amua hatari" kwa herufi kubwa za kichwa, mbele ya watu. Mmoja akauliza hiyo ni nywila? Tangu siku hiyo docx au rtf tu.

#12 MzeeWaKumbukumbu

Vijana, mnaongea kama jambo hili limeanza jana. Tony Buzan alibuni ramani za mawazo, Microsoft wakabuni PowerPoint, na tangu hapo watu wanajaribu kuwaozesha hao wawili na ndoa haikai.

#13 Ngazi_ya_Tano

#12 mzee wangu, shikamoo, lakini hapo pote pawili umeteleza.

Buzan aliipa jina na kuieneza, hasa baada ya kipindi chake cha BBC mwaka 1974. Kuchora dhana kama mti ni kwa zamani mno. Kuna mti wa Porphyry, umepewa jina la mwanafalsafa wa karne ya 3.

PowerPoint nayo ilitengenezwa na kampuni ya Forethought, Robert Gaskins akiwa ndiye mwenye wazo. Ilitoka mwaka 1987, tena kwa Macintosh. Microsoft wakainunua mwaka huo huo kwa dola milioni 14.

Halafu kitu ambacho mleta uzi anakililia kilikuwepo kabla ya PowerPoint. Dave Winer alikuwa na programu ya MORE, mwaka 1986. Unaandika muhtasari wenye ngazi, yenyewe inaugeuza kuwa kurasa za vitone au mchoro wa mti. Huyo huyo ndiye aliyekuja kutuletea OPML, mfumo wa faili ambao programu nyingi za ramani zinautumia mpaka leo kupeana mihtasari.

#14 MzeeWaKumbukumbu

Marahaba. Nimesahihishwa, sina kinyongo. Lakini ndoa bado haikai.

#15 Dada_Mstari

#13 kwa kuwa umeitaja OPML: Pandoc inaisoma moja kwa moja, lakini mtu asifurahi mapema. Inachukua kila nodi kuwa kichwa, mpaka ile ya mwisho kabisa. Hakuna vitone. Ni ugonjwa wa Tawi_Kavu uliozidishwa. Mimi huitoa OPML kwenda Markdown kwanza, nashusha ngazi za chini kuwa orodha kwa mkono, ndipo naenda kwenye pptx.

#16 kitone_kimoja

"Kwa mkono." Uzi unahusu kutoshika mkono.

#17 Dada_Mstari

Basi niite nusu otomatiki, ilimradi nisiburute visanduku.

#18 Mlango_wa_Nne

Samahani, naona wote mnatibu faili. Tatizo haliko kwenye faili.

Ramani ya mawazo ni ya mtu mmoja na kichwa chake. Inaonesha nini kiko karibu na nini. Haioneshi kipi kinasemwa kwanza. Slaidi ni foleni, moja baada ya nyingine, na msikilizaji hawezi kurudi nyuma. Ukigeuza moja kuwa nyingine lazima mtu aamue mpangilio, na hakuna kitufe kinachojua kwa nini "Kwa nini tunajali" litangulie.

Halafu mistari inayovuka. Kila ramani nzuri ina mshale unaotoka tawi moja kwenda jingine: "nywila dhaifu" inagusa "ulaghai". Mishale hiyo mara nyingi ndiyo wazo lenyewe. Kwenye muhtasari wenye ngazi haina pa kukaa, kwa sababu mti haujui binamu, unajua mzazi na mtoto tu. Inapotea kimya kimya. Tawi_Kavu, ulikuwa na mishale mingapi?

#19 Tawi_Kavu

Mitano. Yote imepotea, na sikugundua mpaka umeuliza.

#20 BwHesabu

#18 ni sahihi kuhusu mishale, ila kuhusu tawi la kwanza kuja mwisho sidhani ni falsafa. Ramani ya pande mbili inasomwa kwa mzunguko wa saa: unaanza juu kulia, unashuka, unazunguka, unamaliza juu kushoto. Tawi lako bila shaka liko juu kushoto. Jicho lako linaanzia kushoto kama unavyosoma ukurasa, programu inamalizia huko.

#21 fundi_slaidi

Au ni mpangilio wa faili. Fungua faili la FreeMind, programu mojawapo ya ramani, kwa kihariri cha maandishi utaona ni XML ya kawaida (maandishi yenye alama za mabano): kila nodi ina maneno yake, na matawi makuu yameandikwa yako kushoto au kulia. Yanafuatana jinsi yalivyoorodheshwa mle ndani. Uliloliongeza mwisho, ukalisukumia kushoto kupata nafasi, mara nyingi linabaki la mwisho kwenye orodha. Tawi_Kavu, hili tawi uliliongeza lini?

#22 Tawi_Kavu

Niliongeza mwisho kabisa. Na liko juu kushoto.

😂 Wote mko sahihi.

#23 BwHesabu

Au mmoja wetu yuko sahihi kwa bahati. Lisogeze juu kulia, hamisha tena, utuambie.

#24 Kifuniko

Mimi sielewi kwa nini msioneshe ramani yenyewe. XMind ina hali ya kuwasilisha, inaipitisha ramani kipande kipande yenyewe. MindMeister nayo ina yake. Prezi tangu 2009 watu wanakuza na kupunguza turubai moja. Slaidi za nini?

#25 Mlango_wa_Nne

#24 nimewahi. Ramani ya nodi zisizopungua 60 kwenye projekta iliyofifia. Nilipokuza tawi, watu walipoteza walipo. Nilipopunguza wapate kuona wapo wapi, hawakuweza kusoma. Mama mmoja mbele alinishika mkono baadaye akaniambia alipata kizunguzungu, na hakuwa anatania.

Ila kwa kikao cha watu watano mezani, hapo naungana na wewe.

#26 Akili_Kopo

2020 imepita jamani. Mpeni akili mnemba ramani nzima, mwambie "nitengenezee slaidi 12", akumalizie. Mnahangaika na Tab karne hii.

#27 Zizimo

#26 nilifanya hivyo kwa ramani ya taratibu za kuhifadhi nakala za mafaili. Slaidi zilipendeza kweli, na picha juu. Slaidi ya 5 ikasema nakala zifutwe kila baada ya siku 30. Kwenye ramani yangu nodi ilisema tu "siku 30", maana yake nakala mpya ichukuliwe. Kilipungua kitenzi, ikajaza chake. Kama nisingekuwa nimeizoea kazi, ningeisoma mbele ya watu kwa sauti ya kujiamini.

#28 Akili_Kopo

Basi nodi yako ilikuwa mbovu. Neno mbili bila kitenzi, hata binadamu angekosea.

#29 Zizimo

Ni ramani ya mawazo, mkuu. Kila mahali wanafundisha uandike neno moja au mawili kwa nodi!

#30 Mlango_wa_Nne

#28 na #29 mmegusa kitu bila kujua. Neno moja kwenye nodi linamtosha aliyeichora kwa sababu lililobaki liko kichwani mwake. Kwenye slaidi neno hilo linabaki yatima. "Urefu." Urefu wa nini? Slaidi ya 8 ya mleta uzi haikuwa tupu kwa sababu ya ngazi peke yake.

#31 Mwalimu_Pacha

Nafundisha, nafanya hivi kila muhula. Kanuni yangu: vitone visizidi 7 kwa slaidi. Ni sayansi, uwezo wa kumbukumbu ya binadamu ni vitu 7.

#32 Ngazi_ya_Tano

#31 hapana, mwalimu. Ile ni makala ya George Miller ya mwaka 1956, saba kuongeza au kupunguza mbili, na alikuwa anazungumzia vitu mtu anavyoweza kuvishika kwa muda mfupi pale hawezi kuviona tena. Vitone viko mbele ya macho, hakuna anayevikariri. Na mwaka 2001 Nelson Cowan aliishusha hiyo namba mpaka karibu 4.

#33 Mwalimu_Pacha

Haya, niite yangu kanuni ya macho basi. Nikizidisha 7 walioko nyuma wananiambia hawaoni. Hiyo haihitaji makala.

#34 Ngazi_ya_Tano

Hiyo nakubali bila kubishana.

Na kwa wanaopenda kitone ndani ya kitone ndani ya kitone: Edward Tufte, mtaalamu wa kuonesha takwimu, alichambua slaidi moja iliyotumika kuwaeleza wakubwa wa NASA hali ya chombo cha Columbia kikiwa bado angani, kabla hakijasambaratika, mwaka 2003. Onyo lilikuwemo, limezikwa kwenye ngazi za chini kwa herufi ndogo, chini ya kichwa kilichotuliza moyo. Tume ya uchunguzi nayo ililigusa suala hilo la slaidi kwenye ripoti yake. Mpangilio wa ngazi humwambia msomaji kipi ni kidogo, hata kama siyo kidogo.

#35 Mama_Kiolezo

Tumefika angani. Turudi chini.

Tawi_Kavu, vichwa viko kwenye vishika nafasi, vitone kwenye visanduku. Fanya hivi uone kwa macho yako: nakili faili la pptx, badilisha mwisho wa jina liwe zip, lifungue. Ndani kuna folda ya ppt, ndani yake slides. Fungua slide23.xml kwa kihariri. Palipo na `<p:ph` ni kishika nafasi. Na angalia folda ya media: ukikuta picha za png nyingi, jua baadhi ya matawi yamegeuzwa picha, huwezi kuhariri hata herufi.

#36 Tawi_Kavu

Nimefanya. Najisikia kama daktari wa upasuaji.

Media haina picha zaidi ya nembo. Kichwa kina `<p:ph type="title"/>`. Kisanduku cha vitone hakina p:ph popote. Na kwenye kila mstari wa kitone kuna `sz="900"`. Hiyo nini?

#37 fundi_slaidi

Ukubwa wa herufi kwa sehemu za mia za pointi. 900 ni pointi 9. Yaani siyo PowerPoint iliyobana. Ingebana yenyewe ungeona neno normAutofit, alama ya kubana, na asilimia yake. Hapa programu ya ramani ndiyo iliyopima, ikaona vitone 17 haviingii, ikaandika 9 moja kwa moja. Mama_Kiolezo, ulimwambia azime kubana. Hakuna cha kuzima.

#38 Mama_Kiolezo

Nimekubali kwa hilo. Kwa rangi nilikuwa sahihi.

#39 fundi_slaidi

Nusu.

#40 Msomaji_kwa_Sikio

Mimi natumia kisoma skrini, sioni. Nawaomba kitu kimoja kabla hamjaendelea kubishana: kichwa cha kila slaidi kikae kwenye kishika nafasi chake. Mimi huruka kutoka slaidi hadi slaidi kwa vichwa. Faili lenye visanduku vitupu linanisomea "slaidi ya 1, slaidi ya 2, slaidi ya 3", na ndani maneno yanakuja kwa mpangilio wa jinsi yalivyochorwa, siyo yalivyokaa. Niliwahi kusomewa hitimisho kabla ya swali.

Kwa hiyo kwangu mpangilio wa kiotomatiki ukifanyika kupitia ngazi, kama #3 na #8, ni bora mara kumi kuliko slaidi nzuri iliyoburutwa kwa mkono. Wanaosema mkono ndiyo ubora wanazungumzia macho.

#41 Mlango_wa_Nne

#40 asante. Hilo sikuwahi kulifikiria.

#42 kitone_kimoja

Swali la kizushi. Ukishapata vitone, PowerPoint tangu 2007 ina SmartArt, unabofya vitone vinageuka mchoro wa matawi. Kwa hiyo: ramani, kisha muhtasari, kisha vitone, kisha ramani tena. Tumesafiri wapi?

#43 BwHesabu

😂 Ila mchoro ule una nodi 5, siyo 58. Tumesafiri kupunguza mizigo.

#44 Tawi_Kavu

Narudi na taarifa.

Jaribio la kwanza: njia ya Word ya #3, matawi makuu kuwa ngazi ya 1, ndani ya kiolezo chetu. Slaidi 7 badala ya 41. Rangi zimeingia zote. Nilikaribia kushangilia. Lakini "Barua pepe" ilikuwa na mistari 24: watoto 7, na wale 17 wa Ulaghai chini yao. Safari hii PowerPoint yenyewe ndiyo iliyobana, Mama_Kiolezo umepata haki yako kwa mlango wa nyuma.

Jaribio la pili: nilirudi kwenye ramani, siyo kwenye slaidi. Ulaghai nikaung'oa kwenye Barua pepe, ukawa tawi kuu. Chini yake kulikuwa na nodi 4: dalili, njia, mifano, hatua za kuchukua. Kila moja nikaifanya slaidi, wale 13 waliobaki wakagawana, 4 kwa moja na 3 kwa tatu nyingine. Slaidi ya kutenganisha sehemu juu yao. Jumla slaidi 12, hakuna niliyoigusa isipokuwa kubofya kurejesha muundo kwenye mbili.

Nodi za neno moja nimeziongezea vitenzi zote. "Urefu" sasa ni "Nywila ndefu hushinda nywila ngumu". Imenichukua jioni nzima, na ndiyo kazi hasa niliyokuwa naikwepa.

Mishale mitano: miwili nimeiweka kama sentensi kwenye maelezo ya mzungumzaji, mitatu nimeiacha ife.

"Kwa nini tunajali" nililisogeza juu kulia. Bado limekuja mwisho.

#45 fundi_slaidi

Mpangilio wa faili. Nilisema.

#46 BwHesabu

Ulilisogeza kwa kuliburuta, au ulibadilisha nafasi yake kwenye orodha? Maana kuna programu kuburuta ni urembo tu wa mahali, mzunguko hauhesabu.

#47 fundi_slaidi

Hicho ulichosema ndicho mpangilio wa faili, kwa jina refu.

#48 Tawi_Kavu

Niliburuta. Mwishowe nikalisogeza kwenye Word, sekunde tatu. Endeleeni kubishana, mimi naenda kulala.

#49 Dada_Mstari

Kabla hujalala: kompyuta ya ukumbi ina fonti yenu? Isipokuwa nayo itaweka nyingine, pana zaidi, vichwa vya mstari mmoja vitakuwa viwili. Kwenye Windows unaweza kuifunga fonti ndani ya faili wakati wa kuhifadhi. Na beba PDF.

#50 Tawi_Kavu

Sikuwa nimewaza hilo. Nimeamka tena. Asante dada.

#51 Jani_Jipya

Nimesoma uzi wote, shukrani wakuu. Mimi ramani yangu ina nodi 212 na mishale kama 40, nawasilisha kesho asubuhi. Naanzia wapi?

#52 kitone_kimoja

Anza kwa kutokwenda kuoga.